Darasa Moja kwa Mapasa

Vijana wangu, kabla sijawafundisha lolote, mjue kwanza ni nani anayesema nanyi. Mimi ni mtoto wa mwuza vitenge wa Likasi. Baba yangu alitokea Kasongo, na mimi hakuna mkubwa yeyote aliyenishika mkono. Nilivuka mpaka pale Kasumbalesa na begi moja, nikaipita Zambia yote juu ya malori, nikafika Dar es Salaam ambako sikujulikana na mtu. Asubuhi nilikanda unga kwenye duka la mikate, jioni nikaingia darasani, mikono bado inanukia hamira. Nilirudi Likasi na diploma ya ustawi wa jamii na Kiswahili hiki mnachokisoma, ambacho jirani zangu walikicheka miaka mingi. "Uyu papa anasema sawa radio," walisema, yaani mzee huyu anasema kama redio. Lakini walipopata shida na watoto wao, redio hiyo ndiyo waliyokuja kuifungulia.

Diploma niliitundika ofisini nyuma ya kiti changu, ili mzazi akikaa aione kabla hajafungua mdomo. Nawashauri mfanye vivyo hivyo. Mzazi anayekuja kwetu amekasirika, na kitu cha kusoma ukutani humpoza kidogo.

Kwa wasioijua kazi ya assistant social, ni hii: mzazi na mtoto wakishindwana hadi jambo likatoka nje ya nyumba, wewe unasikiliza kila upande, unakwenda kuona wanavyoishi, unajaribu kupatanisha, na ikishindikana unalipeleka kwa hakimu wa watoto. Niliifanya hadi nikastaafu, na swali lililonifanya niipende bado nalizungusha kichwani ninapomwagilia mboga zangu. Mtoto ni wa nani? Baba anajibu upesi, "Ni wangu." Nenda kwa Wasanga, mjomba wa upande wa mama atakuambia baba hana neno hapo. Sheria nayo inasema mtoto ni mtu mwenye haki zake, na akishakuwa na akili ya kupambanua lazima asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kisha umwulize mtoto mwenyewe. Atakujibu kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekitaja.

Mwenye duka moja la vipuri vya baiskeli aliniletea mwanawe akiwa amemshika kola.

"Papa Assistant, uyu umutume Buluo. Wiki moja tu. Akitoka kule atakuwa na heshima."

Buluo kuna gereza kubwa, na hapa Likasi sijui mtoto ambaye hajatishwa nalo. Nilianza kumweleza yule baba kwamba gereza si shule ya bweni, na kwamba mamlaka ya mzazi yana mipaka yake. Mtoto akadakia:

"Kule banakulaka mara ngapi?"

Baba alijizuia, akashindwa, akacheka. Shikeni hilo: mzazi akicheka mbele ya mtoto aliyemleta kumshtaki, nusu ya kazi yako imekwisha. Ila wewe usitangulie kucheka.

Mkuu wangu wa ofisi aliitwa Mama Odette. Alikuwa na diploma kubwa kuliko yangu, lakini aliifungia kabatini pamoja na vikombe vya chai, jambo ambalo sikulielewa hata siku moja. Yeye hakumsikiliza mtoto kwa kumweka mbele yake kama mbele ya polisi. Aliweka mezani bakuli la karanga zenye maganda, wakaanza kumenya wote wawili.

"Muntu mwenye mikono mitupu anaangalia macho yako," aliniambia. "Mupatie karanga, ataangalia karanga, na mudomo utabaki bila mulinzi."

Nilimwambia kwamba njia hiyo haimo katika vitabu nilivyosoma.

"Basi andika chako," akasema. "Lakini kwanza menya."

Siku hizi naona watoto wanaingia ofisini na simu, wanakufungulia sauti ya baba akigomba, na vijana wenzenu wanaisikiliza hadi mwisho wakidhani wamemsikiliza mtoto. Sauti ya baba si maneno ya mtoto. Nunueni karanga.

Sasa niwaambie kisa cha mapasa, ndivyo tunavyowaita mapacha. Ndicho kilichonionyesha kwamba swali langu lilikuwa na sehemu ambayo sikuwa nimeifikia hata huko Dar es Salaam.

Ilikuwa mwisho wa likizo kubwa. Msichana wa miaka kumi na minne aliingia peke yake, amevaa sare ya shule iliyopigwa pasi ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Nilimsogezea bakuli.

"Uko na shida gani, mwana?"

"Minye nilipita. Baba anasema nidoubler."

"Umepita, halafu urudie darasa? Juu ya nini?"

"Juu ya Kyungu."

"Kyungu ni nani?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua ni nini.

"Papa, minye niko Kabange."

Jibu hilo lilitosha, ingawa kwa mtu aliyezaliwa Likasi jina la Kyungu peke yake lilipaswa kutosha. Kwa Waluba, pacha anayetoka kwanza ni Kyungu na anayefuata ni Kabange, awe mvulana au msichana. Baba yao huitwa Shamapasa, mama yao Inamapasa, na majina yao ya zamani yanabaki kwenye vitambulisho tu. Kyungu wake alikuwa ndugu wa kiume. Wote wawili walikuwa wamekaa darasa la nane. Kabange aliongoza darasa na kupata nafasi ya kuingia humanités, yaani sekondari ya juu, upande wa sayansi. Kyungu alianguka. Baba yao alikuwa ameamua kwamba Kabange atalirudia darasa la nane, amngoje ndugu yake. Na shule aliyopata nafasi ilikuwa inafunga kuandikisha wiki ile ile, tena haiandikishi mtoto bila mzazi.

"Baba anasema mapasa banakula pamoja, banagonjwa pamoja, banapanda pamoja," alisema. "Mumoja akiachwa, moyo wake unakuwa mubaya, na moyo mubaya wa pasa unaua."

"Na Kyungu akianguka tena mwaka kesho?"

"Nitamungoja tena." Alivunja ganda la karanga, akalitazama. "Papa Assistant, minye niko muntu, ao niko kiatu cha kushoto?"

Alipotoka nilimwambia Mama Odette kwamba kisa hiki ni chepesi. Mtoto ana haki ya kusoma, baba anaikata, hakimu atamwamuru. Nilikuwa nimeanza kutafuta kalamu.

"Utashinda," akasema Mama Odette. "Halafu ile jioni, mutoto atarudi kulala kwa nani?"

Kesho yake nilikwenda kwao, mtaa wa Kikula. Shamapasa alikuwa dereva wa basi la kwenda Kolwezi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na mkewe alinipa kiti kizuri kuliko vyote. Mapasa walikaa kwenye mkeka. Kwa kutaka kumtia moyo msichana, nilitoa kalamu mpya ya bic, ya buluu, nikampa, nikasema ni ya masomo yake.

Nyumba yote ikanyamaza. Inamapasa aliinuka, akatoka, nikasikia miguu yake ikienda kwa jirani. Alirudi na bic nyingine ya buluu, akaiweka mkononi mwa Kyungu, akakaa, akatandaza kitenge chake juu ya magoti.

"Sasa sema, papa," akaniambia.

Mimi, mwenye diploma, nilikuwa nimeingia katika nyumba ya mapasa na kitu kimoja. Utotoni nilicheza na mapasa wa Waluba, nikaona jinsi nguo zao za sikukuu zinavyokatwa kwenye kitambaa kimoja, na jinsi mmoja akipata homa wote wawili wanavyokunywa dawa. Miaka ya ugenini ilikuwa imenifutia hayo. Nanyi mnaotamani kusafiri, safirini, ni vizuri sana, nitazameni mimi. Lakini mkirudi, ulizeni kwanza nyumba ina kanuni gani.

"Unaona?" akasema Shamapasa, bila hasira. "Bic moja tu, nyumba inanyamaza. Na weye unapenda nimupatie mumoja mwaka muzima?"

Nilimweleza sheria. Nilimweleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa.

"Ile sheria ilizaa mapasa?" akauliza.

"Hapana, Shamapasa."

"Minye njo nilibazaa." Kisha akaiweka mikono yake ya dereva juu ya meza, kama anayeshika usukani. "Unajua minye niko nani? Minye pia niko Kabange. Baba alinileta huku mujini nisome, Kyungu yangu akabaki kule mu kijiji juu hakukuwa fasi ya babili. Nilikuwa narudi ku vacances nimupatie viatu vyangu. Nilikuta banashamuzika. Banasema malaria." Akamtazama mwanawe pale mkekani. "Sawa. Banasema malaria."

Vijana, mtakuta wazazi wabaya, lakini ni wachache kuliko mnavyofikiri. Wengi wanaotumia ubavu wao juu ya mtoto wanaogopa kitu, na ukikijua kitu hicho unaanza kujua pa kugonga mlango. Mimi siku ile nilikijua, na bado sikuuona mlango.

Nilimsimulia Mama Odette yote. Alisikiliza, akatupa maganda kwenye ndoo.

"Na Kyungu? Alisema nini?"

"Kyungu hakusema kitu."

"Hakusema, ao haukumuuliza?"

Kumbe ndivyo. Baba alizungumza juu ya moyo wa Kyungu. Kabange alizungumza juu ya kuanguka kwa Kyungu. Mimi nikazungumza juu ya sheria. Mwenyewe alikuwa amekaa katikati yetu na bic yake mpya.

Tulimwita, nao wakaja wote wawili, kwa kuwa Inamapasa hakuweza kumtuma mmoja. Tuliwagawa: Kabange na Mama Odette chumba cha ndani, Kyungu na mimi chumba cha mbele. Nilihakikisha mabakuli yanalingana. Nilikuwa nimejifunza.

Kyungu alikuwa mvulana mkubwa wa mwili, mwenye maneno yanayokuja polepole. Alimenya karanga nyingi kabla sijauliza, na hakula hata moja.

"Kyungu, Kabange akipanda, weye utafanya nini?"

"Nitapumua."

Nilidhani sikusikia. Akaendelea, macho kwenye karanga.

"Tangu première primaire, darasa la kwanza kabisa, mwalimu anasoma matokeo. Kabange, wa kwanza. Halafu ananiangalia minye. Kila mwaka. Sasa akidoubler, atakuwa wa kwanza tena mu classe yangu, na bitabu byenye alishamaliza. Minye nitaikala fasi gani?"

"Ulimwambia baba?"

"Baba haniulizaka. Ananichungaka tu."

"Anaogopa moyo wako utakuwa mubaya."

"Uko mubaya sasa." Alisema wazi, kama mtu anayekuonyesha kidonda. "Mu avenue banasema dada yangu anaangushwa juu yangu. Ile mzigo ni nani anabeba? Ni minye." Akamenya karanga nyingine. "Papa, hakuna mwenye alishaniona mu classe nikiwa peke yangu. Hata minye sijajiona."

Nimesikiliza watoto wengi: waliotoka kuchambua mawe ya madini Kamatanda wakitaka shule, waliotoka kwenye nyavu za wavuvi ziwani Tshangalele, waliokimbia mama wa kambo. Sikuwahi kusikia mtoto akiomba haki ya kushindwa bila kushikwa mkono. Nilijiuliza imo wapi katika sheria. Nimeitafuta. Nadhani imo, lakini imejikunja ndani ya lile neno la kusikilizwa.

Ilibaki siku moja kabla shule haijafunga kuandikisha. Shamapasa alikuja ofisini na mkewe na mapasa, basi lake likiwa limeegeshwa nje na abiria wa Kolwezi wakilalamika madirishani. Wazo la jinsi ya kuanza lilikuwa langu, ingawa Mama Odette angewaambia vingine.

"Shamapasa," nilimwuliza, "jina ulilopewa na baba yako ni lipi?"

"Ile? Hakuna mwenye ananiitaka vile."

"Na hili la Shamapasa ulipewa na nani?"

Akanyoosha kidevu kuelekea watoto. "Bale."

"Basi nifundishe, maana mimi baba yangu ni mtu wa Kasongo, mambo haya nayasikia kwa jirani. Mapasa wakikasirika, desturi inasema mzazi afanye nini?"

Alinijibu kwa fahari, kama mimi ninavyojibu nikiulizwa habari za diploma yangu. "Anabaheshimia. Mapasa ni sawa bafalme. Unachukua pemba, ule udongo mweupe, unabapaka. Unapiga magoti, hata kama ni batoto badogo benye hawasemi. Unabauliza: bakubwa, munataka nini?"

"Hata wakiwa wadogo?"

"Hata jana banazaliwa."

"Na hawa, juu ya darasa, uliwauliza?"

Honi ya basi ililia huko nje. Kondakta wake alikuwa amechoka kungoja. Shamapasa hakugeuka. Niliona Inamapasa akitazama mikono yake mwenyewe. Walikuwa wamewauliza mapasa walipopata surua. Waliwauliza walipokataa kunyonya. Tangu siku walipoanza shule hakuna aliyepiga goti.

Hakupiga goti ofisini kwangu pia. Alisogeza kiti chake mbele kidogo, akakaa ukingoni, akainama, kichwa chake kikawa sawa na vya watoto.

"Kyungu. Mukubwa. Unataka nini?"

Kyungu alimtazama dada yake kwanza. "Apande. Na minye nirudilie, lakini mu shule ingine. Kwenye hawamujue Kabange."

"Si juu ya kumufurahisha uyu papa?"

"Hapana, baba."

"Moyo wako?"

"Utapona."

Nilimgeukia Kabange nikitegemea furaha. Alikuwa amefura mashavu.

"Kumbe weye ulikuwa unanichoka," alimwambia ndugu yake. "Tangu zamani, na hausemi."

"Sikuchoka na weye. Nilichoka kuwa nyuma yako."

"Minye sikukuomba uwe nyuma."

"Najua. Njo ile inanichosha."

Yule aliyekuja kwangu na sare iliyopigwa pasi, akidai asiwe kiatu cha kushoto, sasa alikuwa analia kwa sababu kile cha kulia kimekubali. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mama Odette alimsogezea bakuli tu.

Shamapasa alitaka masharti, na hakuna sheria ambamo mtayakuta masharti hayo. Mabegi yawe sawa, rangi moja. Viatu sawa. Watoke nyumbani pamoja. Na jioni atakayefika kwanza asiingie ndani. Angoje mlangoni mwenzake afike, waingie pamoja. Niliwauliza mapasa kama wanakubali. Kyungu akauliza kama mvua ikinyesha itakuwaje. Wakajadiliana, wakaafikiana kwamba mvua ikinyesha anayengoja aruhusiwe kusimama barazani. Kisha Shamapasa akaenda na Kabange kumwandikisha, kwa basi, na abiria wa Kolwezi wakazungushwa mji bila kuulizwa. Hao nao wana haki zao, lakini si kazi yangu.

Jambo hilo halikufika kwa hakimu. Mimi kwa udadisi wangu nilikwenda Kikula asubuhi ya kwanza ya shule, nikasimama kando ya njia panda iliyo karibu na nyumba yao. Walikuja wote wanne. Mabegi ya kijani yanayofanana, viatu vinavyofanana. Kulia ni njia ya shule ya Kyungu, kushoto ni ya Kabange. Shamapasa aliwapanga bega kwa bega, akainama, akatazama miguu yao asitangulie mmoja.

"Sasa," akasema.

Waliinua mguu pamoja, wakaachana.

Alibaki katikati ya njia panda, akitazama kulia, akitazama kushoto, akirudi kulia. Pikipiki zilimpita huku na huku.

"Baba, shingo yako itavunjika," alisema Inamapasa.

"Acha ivunjike."

Kyungu alikuwa anatembea taratibu kama anavyosema, akiangalia nyumba za njia hiyo asiyoizoea. Kabange alikuwa anakwenda haraka. Begi lake lilikuwa tayari limefika kwenye kona. Shamapasa akaliona. Akafungua mdomo amwite, apunguze mwendo, amngoje mwenzake.

Akaufunga.